Mkekani, kwa sauti, kwa maandishi au ndani ya seva: gemu ya uhusika ipi inakufaa ukiwa Dodoma?

Kundi letu lilianza na watu watano na mkeka mmoja, barazani kwenye nyumba ya kupanga Area C. Mwezi wa sita mmoja akapata barua ya uhamisho kwenda Mwanza. Mwezi wa nane mwingine akamaliza chuo pale UDOM, akarudi kwao Songea. Tukabaki watatu na hadithi iko katikati: msafara umeshaingia nyika ya Marenga Mkali na maji yamebaki kiriba kimoja. Yule wa Mwanza akatuma ujumbe: "Jamani, msinizike. Mhusika wangu bado anapumua."

Swali lililofuata linalikuta kila kundi katika mji huu wa kuja na kuondoka: tuendelee vipi? Mimi ndiye msimulizi wa kundi, na nimecheza kwa njia zote nne nitakazozieleza hapa, moja kwa miaka, nyingine kwa miezi michache mpaka nikachoka. Sitakupa mshindi. Nitakwambia kila njia inakula nini na inarudisha nini, wewe utajua mfuko wako na watu wako.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, gemu ya kuigiza uhusika ni ndugu wa hadithi ya jioni. Msimulizi anaeleza mahali na yanayotokea. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, mwenye jina, uwezo na udhaifu, naye ndiye anayemsemea na kumwamulia. Bibi aliposema "Sungura akafika njia panda," sisi tulisubiri atuambie kilichofuata. Hapa bibi anakugeukia: "Sungura ni wewe. Unashika ipi?" Jambo likiwa na mashaka, dadu inaamua. Mengine yote kwenye vitabu vinene ni kanuni za namna ya kuisoma hiyo dadu.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka uliofuata, huko Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 za kwanza, dola 10. Hayahusiani hata kidogo, lakini huwa nayaweka pamoja kwa sababu yalihama kwa mtindo uleule. Gemu ilianza kuhamia kwenye kompyuta mapema kabisa, ikachukua miongo, na meza iliyohamwa haikubaki tupu, kama Dar es Salaam isivyobaki tupu.

## Tunapima kwa nini

Vigezo vyangu ni vitano, na nitavirudia kwa kila njia hata pale ambapo sina mengi ya kusema.

Cha kwanza ni watu na ratiba: mnahitajika wangapi, na lazima muwe pamoja kwa saa ileile? Cha pili ni pesa, na kwa Dodoma pesa maana yake nauli ya bodaboda, bando, na umeme. Cha tatu ni uhuru: ukiamua kufanya jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, gemu inalipokea au inakukatalia? Cha nne ni lugha. Cha tano ni nani inamfaa.

Ili uhuru usiwe neno tupu, nitatumia mkasa mmoja niliousimulia kwa makundi matatu tofauti. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Maji yalikuwa haba, na watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa njia wa nguo na shanga, ndipo msafara upite na unywe. Katika mkasa wangu wachezaji ni wapagazi, wamefika kisimani na nguo zao zimeibwa njiani. Mtemi anadai hongo. Hawana. Wanafanyaje?

## Njia ya kwanza: mkekani

Watu na ratiba. Watatu hadi watano, pamoja na msimulizi, mahali pamoja. Sisi tulikuwa Jumamosi saa tisa mchana hadi saa moja usiku, kila baada ya wiki mbili. Inaonekana rahisi mpaka uanze kuhesabu vikao vya harusi, misiba, zamu za hospitali na safari za kikazi. Kwa mwaka mzima tulikutana mara 14. Najua kwa sababu daftari ninalo.

Pesa. Hapa ndipo watu wanaogopa bure. Wanaona picha za visanamu vya rangi na dadu zinazometa, wanadhani bila hivyo hakuna gemu. Ni kweli Dungeons & Dragons inataka dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na ukizunguka soko la Majengo ukiuliza dadu ya pande 20 utaonyeshwa ya ludo na utaambiwa, "Kaka, pande zote ziko hapa." Chukua hizo hizo. Dadu tatu za ludo za rangi tofauti zinatosha: ya kwanza isome 1 hadi 5, ikitoka 6 rusha tena, ya pili ikitoa namba shufwa, ongeza 5, ya tatu ikitoa shufwa, ongeza 10. Utapata kila namba kuanzia 1 hadi 20 kwa usawa kamili.

Sisi tulitumia vizibo. Vizibo 20 vya soda, kila kimoja kimeandikwa namba ndani kwa kalamu ya maka, vyote kwenye mfuko wa kitenge. Unatikisa, unachomoa kimoja bila kuangalia, unakisoma kwa sauti, unakirudisha. Kile cha 20 kilikuwa cha soda ya machungwa na kilibonyea kidogo pembeni, ikabidi tukibadilishe baada ya dada mmoja kuanza kukipata mara nyingi mno. Na usidhani huu ni umaskini wa kwetu: mwaka 1979 dadu zilipokuwa adimu, seti ya wanaoanza ya Dungeons & Dragons iliuzwa Marekani ikiwa na vipande vya karatasi vyenye namba, uvichomoe kwenye kikombe.

Kuna pia gemu zisizohitaji chochote zaidi ya dadu ya kawaida. Tunnels & Trolls ya 1975 ni hivyo, Traveller ya 1977 ni hivyo. Mimi napenda mtindo ulioletwa na Apocalypse World mwaka 2010: rusha dadu mbili, jumlisha. Kumi na kuendelea, umefanikiwa. Saba hadi tisa, umefanikiwa lakini unalipa kitu. Sita kushuka, mambo yanaharibika. Kati ya njia 36 ambazo dadu mbili zinaweza kuanguka, 15 ziko hapo katikati, penye kufanikiwa kwa maumivu, na hadithi tamu zote zinaishi hapo.

Kanuni nazo hazina haja ya kununuliwa. Januari 2023 kiini cha kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons kiliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, yaani unaruhusiwa kukipakua, kukichapa, hata kukitafsiri na kukigawa, mradi utaje kilikotoka.

Uhuru. Huu ndio utajiri wa mkeka. Mtemi alipodai hongo, nilikuwa nimejiandaa kwa mambo matatu: watapigana, watabembeleza, au watatoroka usiku. Dada aliyekuwa na mhusika mpiga zeze akanitazama akauliza, "Mtemi ana watoto?" Sikuwa nimefikiria watoto kabisa. Nikamwangalia, nikaona ana jambo, nikasema, "Anaye mmoja. Ana homa, siku ya nne halali." Akachukua mwiko uliokuwa kwenye sufuria ya karanga, akauegemeza begani kama zeze, akaanza kuimba polepole wimbo wa kubembelezea mtoto. Hakuna aliyecheka. Dadu zikatoa nne na tano. Tisa: umefanikiwa, unalipa. Mtoto akalala, msafara ukanywa maji, na mtemi akasema mpiga zeze haondoki mpaka mtoto apone. Siku tatu za safari zikapotea kwa sababu ya swali ambalo kitabu chochote kisingeliandika.

Lugha. Mnazungumza mnavyozungumza. Mtemi wangu alisalimiwa kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na mambo yakaenda.

Palipo na maumivu: mtu mmoja mwenye sauti kubwa anaweza kumeza kikao kizima, na msimulizi asipojua kusema "subiri, tumsikie mwenzako," wapole wataacha kuja bila kukuaga. Halafu kuna upepo wa Dodoma. Mwezi wa nane karatasi za wahusika tuliziwekea mawe, na bado moja ilivuka ukuta wa jirani.

Inamfaa mwenye watu karibu. Inamfaa sana mwalimu, kiongozi wa vijana kanisani au msikitini, familia yenye watoto wa miaka kumi na zaidi, na yeyote anayetaka kuona sura za watu.

## Njia ya pili: meza ya mtandaoni, kwa sauti

Hapa kundi ni lilelile na msimulizi ni binadamu yuleyule, ila mnakutana kwa kuongea mtandaoni, huku ramani na dadu zikiwa kwenye skrini. Programu za kazi hii zina umri: Fantasy Grounds ilitoka 2004, Roll20 ikaja 2012 na kufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu, Discord ya mazungumzo ya sauti ikafuata 2015. Mwaka 2020, wakati wa korona, makundi mengi duniani yaliyokuwa yakikutana mezani yalilazimika kujifunza kwa wiki moja, na mengine hayakurudi.

Watu na ratiba. Mwanza, Songea na Dodoma wanakaa chumba kimoja. Hilo peke yake limeokoa makundi mengi. Lakini saa bado ni ileile kwa wote, na nimejifunza kwamba mkekani watano wanakwenda vizuri ila kwa sauti wanne ndio mwisho. Wa tano anageuka msikilizaji wa redio.

Pesa. Watu wanaogopa bando kuliko inavyostahili. Kiwango cha kawaida cha sauti cha Discord ni kilobiti 64 kwa sekunde. Piga hesabu, saa nzima ya mtu kuongea bila kupumzika ni karibu MB 29. Watu wakipokezana kuongea, kikao cha saa tatu kinakula kama MB 100 na ushei. Video ndiyo inayomaliza bando. Izimeni, hamkuja kuangaliana pua. Programu za ramani, akaunti ya bure inatosha kuanzia, na hata Foundry, ambayo inauzwa mara moja bila ada ya mwezi, anainunua msimulizi peke yake. Ila Roll20 na Foundry kwenye simu ndogo ni mateso. Kama nusu ya kundi lina simu tu, chora ramani kwenye karatasi, ipige picha, itume WhatsApp. Inafanya kazi.

Kuna gharama nyingine inaitwa umeme. Siku moja nilikuwa nimefika pazuri kabisa, nimeshusha sauti: "Mtemi akasimama, akawaangalia mmoja mmoja, akafungua kinywa, akasema..." Luku ikaisha. Kosa langu, nilikuwa nimeiona tangu mchana ikisoma yuniti mbili nikapuuza. Ruta ikazima, simu ilikuwa na asilimia sita. Niliporudi baada ya dakika arobaini, walikuwa wamekubaliana wenyewe mtemi alisema nini, na lao lilikuwa zuri kuliko langu. Nunua pawabenki.

Uhuru. Karibu sawa na mkekani, kwa kuwa anayepokea wazo lako ni mtu. Unachopoteza ni macho. Yule dada wa zeze mkekani nilimwona ana jambo kabla hajafungua mdomo. Kwa sauti nisingemwona. Wazo la mtu mpole linakufa kwenye ule mgongano wa "samahani, endelea," "hapana, endelea wewe." Sisi tulipata dawa: mwenye jambo anaandika nukta moja tu kwenye gumzo la pembeni, na mimi nazifuata nukta kwa mpangilio. Kundi la pili lililokutana na mtemi wangu kwa njia hii lilimlipa kwa habari: walimweleza ni msafara gani mkubwa unakuja nyuma yao na umebeba nini, ili akadai huko. Ujanja mtupu, na ulianza na nukta.

Lugha. Mkiwa kundi lenu, Kiswahili bila shida. Ukienda kutafuta wageni wa kucheza nao, jiandae kwa Kiingereza, na saa zao ni za Ulaya na Marekani: kikao cha jioni kwao kinaweza kukukuta saa nane usiku.

Inamfaa kundi lililokwisha kujuana kisha likatawanyika. Watu wasiojuana kabisa kuanzia hapa inawezekana, lakini kutaneni kwanza hata mara moja kwa soda pale Nyerere Square kama mko mji mmoja.

## Njia ya tatu: kwa maandishi, taratibu

Hii ni kongwe kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1970, kabla hata ya Dungeons & Dragons, Rick Loomis wa Flying Buffalo alianza kuendesha gemu kwa barua: unaandika amri zako, unatia stempu, unasubiri. Leo barua ni kundi la WhatsApp au Telegram. Msimulizi anaandika aya, kila mchezaji anajibu kwa niaba ya mhusika wake wakati wake ukifika, msimulizi anaunganisha na kusogeza mbele.

Watu na ratiba. Hakuna saa ya pamoja. Muuguzi wa zamu ya usiku, mwanafunzi, dereva wa lori la Singida, wote wanaingia. Gharama yake ni mwendo. Pambano linalochukua dakika ishirini mkekani linaweza kuchukua wiki mbili hapa. Na gemu za maandishi hazifi kwa kelele, zinafifia: mmoja anakaa kimya, wa pili anamsubiri, wa tatu anasahau. Weka kanuni siku ya kwanza. Yangu ni saa 48; ukipita kimya, mhusika wako anafuata wenzake na hadithi inaendelea. Hakuna anayekasirika akijua mapema.

Pesa. Karibu bure. Hata bando dogo kabisa linatosha, na simu ya zamani inatosha. Piga marufuku ujumbe wa sauti wa dakika saba. Si kwa ajili ya MB; ni kwa sababu hakuna atakayeusikiliza.

Uhuru. Msimulizi ni binadamu, kwa hiyo mlango uko wazi kama mkekani, na umeongezewa kitu ambacho njia nyingine hazina: muda wa kufikiri. Kijana wetu wa Songea, mkekani alikuwa akisema maneno kumi kwa kikao. Nilipomweka na kundi la tatu mbele ya mtemi kwa maandishi, alikaa siku nzima kimya, kisha saa tano usiku ikaingia hotuba ya mpagazi mzee aliyepita Ugogo na baba yake miaka thelathini nyuma, akimkumbusha mtemi kwamba kisima kile baba zao wawili walikichimba pamoja. Uongo mtakatifu, aliubuni pale pale. Niliusoma mara tatu. Nikampa mtemi jibu: kitendawili, ukikitegua unapita. Kundi lilipewa siku mbili. Walikitegua, ingawa mmoja alikiri baadaye kwamba alimpigia mama yake Kondoa.

Dadu zina tatizo dogo la uaminifu, maana kila mtu anarusha peke yake chumbani. Telegram ina dadu yake, na Discord unaiongezea programu ndogo ya kurusha, mbele ya macho ya wote. Au msimulizi anarusha kwa niaba ya kila mtu na yameisha.

Lugha. Kwangu hapa ndipo Kiswahili kinapopendeza kuliko kwingine. Watu wanaoandika "xaxa" na "mm nko" siku nzima, wakimwandikia mhusika wao wanaandika sentensi kamili. Sijawahi kuwaomba.

Inamfaa mpole, mwenye zamu, mwenye mtoto mchanga, na anayependa kuandika. Haimfai anayetaka kucheka kwa sauti na watu.

## Njia ya nne: ndani ya seva, kompyuta ndiye msimulizi

Safari ya kuhamia kwenye kompyuta ilianza mapema ajabu. Kufikia 1975, mwaka mmoja tu baada ya kile kisanduku cha Gygax na Arneson, wanafunzi waliokuwa na mtandao wa kompyuta wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois walikuwa wanacheza gemu za mapangoni kwenye skrini. Mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika MUD na Richard Bartle akaiendeleza: ulimwengu wa maneno matupu, lakini watu wengi humo kwa wakati mmoja. Mwaka 1980 ukaunganishwa na ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, watu wa ng'ambo wakaingia. Michoro ilikuja baadaye na umati mkubwa: Ultima Online 1997, EverQuest 1999, World of Warcraft 2004.

Tofauti na njia tatu za juu si skrini. Ni kwamba msimulizi hayupo. Kanuni zote zimo ndani ya mashine, yaani seva, kompyuta ya mbali ambayo wachezaji wote wanaunganishwa nayo, na mashine haichoki, haipendelei, haina kikao cha harusi.

Watu na ratiba. Hapa inashinda wazi. Unaingia saa unayotaka, peke yako au na mwenzako mmoja, dakika ishirini au usiku kucha, na ulimwengu uko pale na watu wamo. Aliyehamia wilaya asikojua mtu ataelewa thamani ya hilo.

Pesa. Inatofautiana sana. World of Warcraft inataka kompyuta, ada ya mwezi ya dola 14.99 na kadi inayolipa nje ya nchi. Guild Wars 2 ya 2012 haina ada ya mwezi. Kwa mwenye simu tu, Old School RuneScape iko kwenye simu tangu Oktoba 2018, sehemu ya bure ni kubwa, na ina sifa moja inayotufaa: seva yake inahesabu matendo kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao wako ukichelewa robo ya sekunde kufika Ulaya hupotezi mengi. Gemu za kupigana kwa kasi zitakutesa. Onyo moja kuhusu pesa: kupakua mchezo mkubwa wa kompyuta ni makumi ya GB, na masasisho hayaishi. Fanya hivyo kwa bando la usiku au kwenye mtandao wa kazini, kama bosi wako ni mwelewa.

Uhuru. Mtemi wangu hawezi kuwepo humu mpaka mtu amwandike, na akiandikwa atakuwa na majibu matatu ya kubonyeza: lipa, kataa, ondoka. Swali la "una watoto?" halina kitufe. Hata hivyo nisiwe mwonevu. Uhuru wa humu uko upande mwingine, kati ya wachezaji wenyewe. Niliwahi kukaa jioni nzima kwenye mto wa kuchorwa nikivua samaki na mtu wa Brazil, tukiongea Kiingereza kibovu wote wawili kuhusu bei ya mchele. Soko la humo linapanda na kushuka kwa watu halisi, makundi yanaundwa na kusalitiana. Hakuna aliyeandika hayo.

Lugha. Kiingereza kwa sehemu kubwa. Kwa kijana wa sekondari hiyo ni faida. Shangazi yake akitaka kujiunga ni ukuta.

Kwa wazazi: gumzo la humu limejaa wageni. Mtoto acheze sebuleni, gumzo la wazi likiwa limezimwa, na kadi ya benki isihifadhiwe kwenye akaunti yake.

Inamfaa aliye peke yake, asiye na saa maalumu, anayependa kupanda ngazi na kuona mhusika wake anakua siku kwa siku.

## Sasa, kwa hali yako

Kama mko watatu au wanne mtaa mmoja, Kisasa, Nkuhungu, popote, anzeni mkekani na dadu mbili za ludo wiki hii. Msisubiri vitabu.

Kama kundi lilikuwepo na uhamisho umelivunja, sauti ndiyo dawa, mradi kila mmoja ana walau saa tatu tulivu kwa wiki mbili. Msipoweza kupata hizo saa tatu, msijidanganye kwa kuahirisha mara nne mfululizo. Hamieni kwenye maandishi moja kwa moja.

Kama bado unasoma na pesa ni ya shida, maandishi na mkeka. Kama una kompyuta nzuri na hujui mtu mjini, seva itakupa watu kabla hujapata majirani, na baadhi ya majirani utawapata hapo hapo kwa kuuliza nani yuko Tanzania.

Kama ni darasa la wanafunzi 50, usijaribu mezani peke yako. Wagawe makundi ya watano, kila kundi na msimulizi wake uliyemfundisha wiki iliyotangulia, mkasa mmoja kwa wote. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, ambayo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, ni mwanzo mzuri: mchoro mmoja umebadilika usiku, nani ameuchora?

Na kama unaogopa kuwa msimulizi, anza kwa maandishi. Hakuna anayekuona ukifikiri.

Sisi tulichanganya. Wiki nzima tunaandika, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaongea kwa sauti, na yule wa Mwanza akija Dodoma kwa vikao vya kazi, mkeka unatoka. Kiriba kile kimoja kilipasuka wiki iliyopita, kwa maandishi, saa nne usiku. Aliyekuwa amekibeba ni yeye.